Taa Ipi Itolewe

Aliyegundua kwamba redio imechoka hakuwa mimi, wala hakuwa mwenye redio. Alikuwa binti yake, aliyeteremka kwenye basi la kutoka Eastleigh, Nairobi, jioni moja ya Ramadhani, akafungua saumu kwa tende na maji, akaketi mkekani, kisha akageuza uso kuelekea kabatini na kuuliza: "Baba, mbona redio inaongea kama mtu mwenye mafua?"

Tuliokuwa pale tulitazamana. Tulikuwa tumeisikiliza redio ile jioni baada ya jioni, na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia mafua yoyote. Binti alikuwa hajakanyaga Garissa kwa mwaka mzima. Alikuwa ameondoka na sauti moja akilini, akarudi akakuta nyingine. Sisi tulikuwa tumeshuka pamoja na redio ngazi moja moja, hata hatukujua tumeshuka.

Mwenye redio ni jirani yangu wa mtaa wa Bula Iftin, hapa Garissa. Namwita Adeer, kama vijana wa hapa wanavyomwita mzee wa kiume wanayemheshimu, na yeye huniita Mwalimu, kwa sababu ndiyo kazi iliyonileta hapa kutoka Malindi. Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi wa redio; nilijua kulehemu waya kabla sijajua kunyoa ndevu. Adeer alipolisikia hilo, urafiki wetu ulipata sababu ya kudumu. Redio yake ni ya mbao, ya Ulaya, ya mwisho wa miaka ya 1950. Kioo chake cha mbele kimeandikwa majina ya miji, Paris, Roma, Cairo, kila mmoja na mstari wake. Aliinunua Eastleigh ikiwa tayari imepitia mikono ya watu, akaileta Garissa juu ya lori, zaidi ya kilomita 350, ikiwa imeviringishwa blanketi mbili. Ndani yake mna valvu sita. Adeer huziita taa, na jina hilo limezikaa vizuri.

Swali la binti yule lilinifundisha jambo ambalo mjomba hakuwahi kuniambia, labda kwa sababu yeye redio zilimjia zikiwa zimekwisha nyamaza. Taa ya redio haifi kama taa ya ukutani, leo inawaka kesho imekatika. Nyingi hupungua. Na kitu kinachopungua polepole, wenyeji wake ndio wa mwisho kujua.

Sababu iko ndani ya kioo. Valvu ni chupa ndogo iliyonyonywa hewa yote. Katikati kuna uzi wa chuma unaopashwa moto kwa umeme wa volti 6.3, nao unakipasha kijineli kilichouzunguka, kilichopakwa oksidi za bariamu na strontiamu. Mpako huo ukishika moto hutoa elektroni, nazo huvutwa na bamba la nje lenye volti 250 hivi. Kati ya kijineli na bamba umezungushwa waya mwembamba, gridi, kama uzio wenye mapengo. Sauti hafifu iliyookotwa hewani ikifikishwa kwenye gridi, inaubana na kuuachia ule mkondo mkubwa, na upande wa pili inatoka ikiwa na kifua. John Ambrose Fleming aliunda valvu ya kwanza Uingereza mwaka 1904, ikiwa bado haina gridi. Lee de Forest wa Marekani akaitia gridi mwaka 1906. Kwa miongo kadhaa iliyofuata, karibu kila sauti iliyopita hewani duniani ilipita kwanza katika chupa kama hizi.

Mpako ule ndio maisha ya valvu. Kila jioni unatoa, na kila jioni unabakiwa na kidogo kuliko jana. Hakuna siku moja ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole na kusema, hapa ndipo ilipozeeka.

Redio za namna hii hazikuwa nyingi Kaskazini Mashariki. Matangazo yalianza Nairobi mwaka 1928, lakini valvu inataka umeme wa aina mbili, mdogo wa kupasha moto na mkubwa wa kuvuta elektroni, na pasipo nyaya za umeme aina zote mbili zilitoka kwenye betri. Mwaka 1949 huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya valvu ya bei ya wananchi, pauni 5, yenye umbo la sufuria na jina la sufuria. Betri yake ilidumu saa 300 hivi, nayo ilinunuliwa kwa bei ya peke yake. Mtu mwenye duka aliweza. Mfugaji anayehama na mvua, ambaye kila kilicho chake lazima kipande mgongoni mwa ngamia, hakuweza. Kwake yeye redio ilifika na transista, katika miaka ya 1960: mawe machache na mkanda wa kuitundika begani.

Ilifika katika miaka migumu. Vita vya Shifta, vya kutaka kujitenga na Kenya, vilianza 1963. Redio Mogadishu ilirusha habari na mashairi kuvuka mpaka, Sauti ya Kenya ikasema yake kutoka Nairobi, na Idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ikasikilizwa baina ya hizo mbili. Makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 kati ya Kenya na Somalia yalipotangazwa, Adeer alikuwa kijana. Anasema watu wa rika lake walijifunza kutosikiliza stesheni moja. Ulisikiliza hii, ukasikiliza ile, na ukweli ukautafuta katika nafasi iliyobaki kati yao. Niliposikia maneno hayo niliyaweka akilini, lakini sikuyatumia yalipohitajika, na gharama yake nitaieleza.

Kesho yake baada ya futari, nilifungua mgongo wa redio. Kwanza nilichomoa waya ukutani na kungoja, kwa sababu kapasita za redio ya valvu huweza kuhifadhi umeme wa kumwua mtu hata baada ya kuzimwa. Kisha nikamulika tochi. Taa sita zilisimama kwa mstari katika vumbi jekundu la Garissa, vumbi laini kama unga, linalopita hata katika tundu la sindano. Nilizitambua: ECH81 na EF89 zinazopokea mawimbi, EBC81 inayoitoa sauti ndani ya mawimbi, EL84 inayoisukuma spika, EZ80 inayonyoosha umeme wa ukutani, na EM80, lile jicho la kijani la mbele linalofumba stesheni ikikaa sawa.

Jicho ndilo lililoonekana zee kuliko zote. Mng'ao wake ulikuwa umefifia hata mchana huoni kitu. Inabidi uzime taa ya chumba na kusogeza uso. Mgeni yeyote angesema litolewe kwanza. Lakini jicho lile halibebi sauti hata kidogo. Kazi yake ni kuonyesha, na likipofuka kabisa redio haitapoteza neno moja.

Aliyekuwa na mafua ni EL84. Nilijua kwa namna sauti ilivyopasuka ilipopanda, na kwa namna ilivyochelewa kupata nguvu baada ya kuwashwa. Adeer alikuwa na moja ya akiba, mpya, imehifadhiwa ndani ya soksi ya mtoto katika sanduku la hati za ardhi na vyeti vya kuzaliwa. Nikaitoa ya zamani, nikaitia mpya. Baada ya nusu dakika, sauti ya msomaji habari ikajaa chumba, ikiwa na kifua na koo na pumzi. Binti alipiga makofi. Adeer alifumba macho. Nami nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyefaulu.

Furaha hiyo ilidumu siku nane. Jioni ya tisa kulitokea harufu, ile harufu ya vumbi linaloungua, na Adeer akamtuma mjukuu aniite mbio. Nilipochungulia kwa nyuma niliona bamba la EL84 mpya limekuwa jekundu kama kaa la jiko. Nilizima papo hapo. Lakini taa ilikuwa imekwisha kufa, na ilikuwa ndiyo akiba ya mwisho.

Kosa lilikuwa langu. Kati ya EBC81 na EL84 kuna kapasita moja ya karatasi, ndogo kuliko kidole gumba. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti zisivuke pamoja nayo. Baada ya miaka sitini karatasi yake ilikuwa imechoka, ikaanza kuvuja. Volti chache tu zilizopenya zilitosha kuifungua gridi ya EL84 kupita kiasi, kama bomba lililovunjika koki, na mkondo ukapita bila kizuizi hadi bamba likaungua. Taa ya zamani haikuwa imezeeka tu. Ilikuwa imeonewa kwa muda mrefu, ikavumilia kwa sababu haikuwa tena na nguvu ya kutoa mkondo mwingi. Mpya ilikuja na nguvu zake zote, na nguvu hizo ndizo zilizoiua. Kapasita yenyewe ni kitu cha shilingi chache. Ningeipima kwanza, kwa mita niliyokuwa nayo mfukoni, soksi ile ingekuwa bado na kitu ndani yake.

Nilimweleza Adeer yote, bila kuficha. Alisikiliza, akamimina chai ya iliki kutoka kwenye chupa, akanisogezea kikombe. "Mwalimu," alisema, "uliona ngamia amekonda, ukabadilisha ngamia. Hukuangalia mzigo."

Adeer alikulia katika uhamaji kabla ya kuingia mjini na biashara ya mifugo. Alianza kunieleza jinsi baba yake alivyoamua ni mnyama yupi abaki na yupi aende soko, na mimi, niliyedhani ananiliwaza kwa hadithi, nilikuja kutambua kwamba ananijibu.

"Ngamia jike mzee," alisema, "hatolewi kwa sababu ya meno yake. Akibakiwa na kikombe kimoja cha maziwa, kikombe ni kikombe. Siku atakapokauka mtajua, na hakuna atakayelala nje kwa sababu hiyo. Lakini dume anayebeba nyumba, huyo humngoji aanguke. Akianguka kati ya kisima na kisima, ameanguka na miti ya nyumba, na mikeka, na mitungi ya maji, na mtoto mliyempandisha juu. Huyo unampumzisha angali anatembea vizuri, na watu wasiojua watakuuliza kwa nini."

Nilikaa na maneno hayo kwa siku nyingi, na kila nilipoyapima juu ya redio yalikaa sawasawa. EBC81 hupitisha mkondo wa miliampia 1 hivi. Ni kazi ya kunong'ona. EL84, yenye urefu wa kidole tu, hupitisha 48, na bamba lake hubeba joto la wati 12 jioni nzima. Taa ndogo zinazonong'ona zinaweza kuishi saa 10,000 na zaidi. Kwa nyumba inayosikiliza saa tatu kila siku, hiyo ni miaka tisa, na nyingi hupita hapo mbali. Taa ya nguvu inayofanyiwa kazi kweli kweli mara nyingi huanza kupungua baina ya saa 2,000 na 5,000, yaani miaka miwili hadi minne na nusu. Lakini hesabu ya saa siyo kiini cha jambo. Kiini ni kwamba EBC81 ikifa, redio itanyamaza au itanong'ona, nawe utaitoa na kuweka nyingine, mambo yakaisha. EL84 ikifa vibaya inaweza kuichoma transfoma ya spika. EZ80 ikipiga shoti inaweza kuichoma transfoma kubwa ya umeme. Na transfoma ya redio ya mwaka 1958 huipati dukani. Hiyo ikiungua, redio inageuka kabati.

Basi taa zote sita huzeeka, ila kila moja ina mwisho wake. Iko ambayo mwisho wake haumdhuru yeyote, na hiyo iache iimbe hadi pumzi ya mwisho. Iko ambayo ikianguka inaangusha wengine, na hiyo itolewe mapema, ingali na sauti, hata kama kuitoa kunauma. Tofauti yao haiko katika umri, wala katika sura, kama lile jicho lililopofuka lilivyoonyesha. Iko katika mzigo.

Na mzigo wenyewe haulingani mahali na mahali. Mwaka 1943 mhandisi Tommy Flowers alipopendekeza kuunda Uingereza mashine ya kuvunja siri za Wajerumani, yenye valvu zaidi ya 1,500, wengi waliona haiwezekani: valvu nyingi hivyo zingekuwa zinakufa moja baada ya nyingine bila kupumzika. Flowers alitoka idara ya simu, na huko alikuwa amejifunza kwamba valvu isiyozimwa ovyo hudumu. Kinachoiumiza zaidi ni kule kuwashwa na kuzimwa, joto na baridi, joto na baridi. Mashine yake, Colossus, ilifanya kazi. Mwaka 1956 ukazinduliwa waya wa simu wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki, ukiwa na valvu zaidi ya 300 zilizozamishwa chini ya bahari, mahali ambapo hakuna fundi atakayefika. Zilipewa kazi nyepesi na umeme usioyumba. Waya ulipostaafishwa mwaka 1978, baada ya miaka 22, hakuna valvu hata moja iliyokuwa imekufa.

Sasa ilinganishe bahari hiyo tulivu na jioni ya Garissa. Nje kwa miezi mingi joto la mchana hufika nyuzi 35 na zaidi, na kuta huendelea kutoa joto usiku. Tangu mwaka 2019 tuna mtambo wa jua wa megawati 50 na ushei nje ya mji, tunaujivunia, lakini mwanga kwenye nyumba zetu bado hukatika na kurudi, na unaporudi huja kwa kishindo. Volti zikipanda, uzi wa ndani hupata moto kupita kiasi na mpako ukaliwa haraka. Zikishuka sana kwa muda mrefu, uzi haufiki joto lake na mpako hupata madhara ya aina nyingine. Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwomba Adeer, kabla ya taa mpya, lilikuwa stebilaiza, na sheria moja ya nyumbani: umeme ukikatika, redio izimwe kwa mkono, isiwashwe tena mpaka umeme utulie kwa dakika kumi. Mjukuu ndiye aliyepewa kazi hiyo, na anaifanya kwa uangalifu kuliko sote.

Idd ilifika redio ikiwa kimya. Siku ya pili ya sikukuu, binti akijiandaa kurudi Nairobi, Adeer alitoa daftari moja la jalada gumu. Nililijua. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeshika michango ya jamaa zao: karo, hospitali, mahari, maji wakati wa ukame. Kila shilingi iliyotoka Eastleigh, Wajir au ng'ambo ilipita katika daftari lile na katika kichwa chake. Akamkabidhi binti mbele ya watu, akamwambia aanze mwezi huu. Binti alishtuka. Mimi pia. Tulipobaki wawili nilimwuliza kwa nini, ilhali ana afya na akili yake iko sawa.

"Ndiyo maana," alisema.

Hakuongeza neno, nami sikumwuliza tena.

Kuitafuta EL84 kulituchukua karibu miezi miwili. Katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, ambako ukikosa kifaa cha umeme umekikosa kweli, binti aliambiwa kwamba vitu hivyo viliisha zamani. Lakini EL84 bado inatengenezwa, Slovakia na Urusi, kwa sababu wapiga gitaa duniani hawajakubali kuachana na sauti yake. Mwaka 2022 valvu za Urusi zilipokwama kutoka nje ya nchi, bei zilipanda kila mahali, na hadi leo mtu hununua kwa kusita. Tulipata mbili kupitia jamaa aliye ng'ambo. ECH81, kwa upande mwingine, haitengenezwi tena. Zilizobaki ni zile zilizolala katika maboksi ya zamani. Hilo liliniongezea sababu ya kuziacha taa ndogo mahali pake. Kuitoa taa nzima isiyozalishwa tena, eti kwa kuwa nyingine imeharibika, ni kutumia urithi wa mtu ambaye hajazaliwa.

Katika miezi hiyo miwili nilifanya kazi niliyopaswa kuifanya kwanza. Nilibadilisha kapasita ile inayovuja, na zile kubwa za kuchuja umeme, ambazo ndizo huleta ule mvumo mzito kama wa nyuki mzingani watu wakadhani ni taa. Nilisafisha miguu ya valvu zote na matundu yake, kwani mkwaruzo mwingi unaosikika redioni ni vumbi na kutu. Niligonga kila kioo polepole kwa mpini wa penseli: taa iliyolegea ndani hujibu kwa mlio wa kengele spikani, na hakuna iliyojibu. Nilitazama doa la fedha lililo juu ya kila chupa, upande wa ndani. Ni bariamu iliyorushwa pale kiwandani ili imeze mabaki ya hewa. Doa liking'aa, chupa ni nzima. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na hapo hakuna la kusubiri. Zote ziling'aa.

Jioni taa zilipofika, chumba kilijaa majirani, kana kwamba kuna mtoto aliyezaliwa. Sikuitia ile mpya mara moja. Kwanza niliirudisha EL84 ya zamani, ile niliyoitoa Ramadhani, tukaisikiliza kwa robo saa. Kwa mara ya kwanza sisi wenyeji tulisikia alichosikia binti: sauti iliyobanwa, inayokwaruza ilipojaribu kupanda. Kisha nikazima, nikangoja, nikaitia mpya, nikapima volti za gridi kwanza, nikawaacha wasikilize tena. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nilikuwa hatimaye nimefanya kama rika la Adeer walivyofanya na stesheni zao: nimesikiliza hii, nikasikiliza ile. Ndiyo sababu ile mpya ya pili haitatumika mpaka ihitajike hasa. Imerudi ndani ya soksi, na mara moja kwa mwaka nitaitia kwa robo saa tu, itukumbushe redio hii inapaswa kusikika vipi, kisha ilale tena. Mwenye nyumba anahitaji kitu kimoja kilichokaa nje ya mazoea yake.

Baadaye umati ulipopungua, Adeer aliunganisha simu ya mjukuu kwa waya kwenye matundu ya nyuma yaliyokusudiwa gramafoni, akaweka nyimbo za kaban, udi wa Kisomali, za ujana wake. Tulizima taa ya chumba. Jicho la kijani lilionekana kwa shida, kama nyota ya kwanza ya magharibi, na tukaliacha hivyo.

Kabla sijafunga mgongo wa redio nilikata kipande cha kadibodi, nikakibandika ndani ya ubao, nikachora mistari: jina la taa, tarehe iliyowekwa, tarehe ya kutolewa. Mjomba alikuwa akifanya hivyo. Kwa EL84 niliandika tarehe ya usiku ule, na mbele yake mwaka wa nne kutoka sasa, tarehe ya kuipumzisha hata ikiwa bado inaimba. Kwa EZ80 nikaandika tarehe ya kuipima. Nilipofika kwa zile ndogo nilimwuliza Adeer niandike nini.

Alishika tochi karibu na kadibodi, akasoma majina yao moja moja kwa sauti ya chini.

"Hizo acha wazi," alisema.

Nikaacha wazi, nikakaza skrubu.